Kuhusu Mwisho wa Hadithi ya Kiti

Baba,

Kwanza habari za nyumbani, maana nikianza na lile lililonileta utasema sina adabu.

Mama hajambo. Mguu bado unamsumbua akipanda ngazi, lakini fimbo ameikataa, anasema fimbo ni ya wazee. Mdogo wangu Josué amepata kazi ya kudumu kule Södertälje kwenye kiwanda cha malori. Anaamka alfajri kuwahi treni, na siku hizi anakula uji bila kulalamika, vita ambavyo wewe ulipigana miaka kumi na tano ukashindwa. Kiswahili tunamsemesha, Kiswidi anajibu, hapo hakuna jipya. Nguo zako Mama amezigawa kanisani, zote isipokuwa lile koti la kijani. Analivaa yeye akienda kutupa takataka. Linamfika magotini, na majirani wameshazoea.

Shuleni kwako Jakobsberg wameleta mpishi mwingine. Nilikutana dukani na yule mama wa Kiswidi uliyekuwa ukigombana naye jikoni kuhusu chumvi. Akanishika mkono, akaniambia supu ya njegere ya Alhamisi haina ladha tena, halafu akalia pale pale mbele ya friji za maziwa. Na mimi nikalia. Watu wakatupita na vikapu vyao. Jiwe la kaburi limeshawekwa pia, na jina lako limeandikwa sawasawa. Nililikagua herufi moja moja.

Sasa lililonileta. Baba, ile hadithi ya kiti ulitudanganya.

Nitaisimulia hapa kama ulivyokuwa unaisimulia wewe, tusije tukabishana baadaye. Katika mji mmoja wa Italia, miaka mia saba iliyopita, alikuwepo bwana mkubwa aliyependa kucheka kuliko kusali. Mezani kwake kulikuwa na kiti ambacho mguu mmoja ulikatwa kwa makusudi ukawa mfupi. Mgeni ambaye bwana alitaka kumfanyia mzaha ndiye aliyekalishwa hapo. Kiti kinayumba, divai inamwagika, watu wanacheka, na bwana anatupa neno ambalo mgeni hana jibu lake. Siku moja akaja mchimba visima, mtu wa tope, kushtaki kwamba askari wa bwana wamefukia kisima cha kijiji chao. Bwana akamwambia kaa ule kwanza. Akakaa, kiti kikayumba, divai ikammwagikia kifuani. Bwana akasema, "Mchimba visima, hata kukaa hujui?" Naye akajibu, "Nisamehe, bwana. Mimi ndiyo leo naanza kukalia kiti kisichokamilika. Wewe umekalia cha namna hiyo miaka yote unayotawala, na hujamwaga hata tone."

Hapo ulikuwa unanyamaza, unatutazama mmoja mmoja, mpaka Josué acheke. Alikuwa anacheka hata kabla hajajua maana yake.

Halafu mwisho. Wageni wote walimcheka bwana, bwana akainamisha kichwa, na mchimba visima hakucheka. Alipiga magoti, akaokota kipande cha kuni, akakichonga, akakichomeka chini ya ule mguu mfupi. Akasema, "Sasa akae yeyote." Na kuanzia siku hiyo hakuna aliyechekwa mezani pale, na kisima kikafukuliwa. Ukishamaliza ulikuwa unaweka mkono kifuani. "Padri Gino alisema hivi hivi. Mimi sijatia chumvi." Tulikuamini. Ulikuwa umewapikia wale mapadri wa Kiitaliano pale Uvira miaka kumi na moja, ukajifunza Kiitaliano chao cha sufuria na sahani, na sote tulijua kwamba Padri Gino alikuwa akishiba anasimulia hadithi za kale za kwao huku wewe unaondoa vyombo. Nani angekupinga?

Unajua kwamba ni hadithi hiyo iliyonipeleka chuo kikuu. Watu wa kanisani waliniuliza Kiitaliano cha nini, binti wa miaka thelathini na nne, mwenye kazi yake ya kuwahudumia wazee majumbani, kwa nini asisomee uuguzi. Wewe hukuuliza. Kila nikirudi darasani swali lako lilikuwa moja: "Wamefika kwenye kiti?" Nami nikakujibu, "Bado, Baba." Nilikujibu hivyo mpaka Januari. Mwezi wa pili ukaondoka, na tasnifu ilikuwa nusu.

Niliiita "Wazo la kushinda katika hadithi za Kiitaliano za zama za kati." Nilikusomea kurasa za mwanzo pale hospitali, sijui kama ulisikia. Nilieleza kwamba katika hadithi za wakati ule, wakati wa miji ya wafanyabiashara na watu waliozoea kufa ghafla, anayeshinda si lazima awe mwema, wala si mwenye nguvu. Anashinda mwenye ulimi mwepesi. Mtumishi, mjane, mpishi, mwizi hata, anabanwa kwenye kona, halafu anatoa sentensi moja na mambo yote yanageuka. Mkubwa akicheka, mdogo ameokoka. Na aliyeshindwa adhabu yake ni kuchekwa. Hadithi inaishia pale pale watu wanapocheka, hakuna anayetaka kujua yule mtu aliamkaje kesho yake. Hilo niliandika. Kisha nikaandika kwamba ipo hadithi moja inayokwenda tofauti, ambamo mshindi anashinda halafu anaumaliza mchezo wenyewe ili asichekwe mtu mwingine. Sura nzima, Baba. Kurasa kumi na mbili juu ya kipande cha kuni.

Nilitafuta chanzo chake kila mahali. Mikusanyo yote iliyoko maktaba, ile yenye vumbi na ile iliyomo kwenye kompyuta. Kuna hadithi za mabwana na vyakula na majibu makali hadi unachoka, lakini kiti hakipo. Nikajiambia kitakuwa kwenye kitabu ambacho hakijapigwa chapa, Padri alikisoma seminarini kwao. Nikaandika chini ya ukurasa: "hadithi ya karne ya kumi na nne, kwa masimulizi." Nilijua ni udhaifu. Lakini Padri Gino alisema hivi hivi.

Hapa kuna desturi ambayo sikuwahi kukueleza vizuri. Kabla hujafaulu, mwanafunzi mwenzako anapewa kazi yako aisome, kisha anakaa mbele yako na darasa zima linasikiliza, na kwa saa nzima kazi yake ni kukupinga. Halafu mnabadilishana, wewe unampinga yeye. Mkimaliza mnakunywa kahawa pamoja na mikate ya mdalasini. Mimi nilipangiwa Linnea. Binti mdogo, miaka ishirini na tatu, mpole, anaomba radhi hata akigongwa na mlango. Tasnifu yake ilikuwa ya hadithi moja tu ya zamani, ya mjane anayegombana na mfanyabiashara mbele ya hakimu. Linnea aliandika kurasa thelathini kuthibitisha kwamba mjane anashindwa, na kwamba hadithi zile hazikuwaachia wanawake nafasi ya kushinda.

Kosa lake nililiona siku nne kabla. Alisoma tafsiri ya Kiswidi ya zamani sana ambayo mwisho wake umekatwa. Kwenye Kiitaliano kuna ukurasa mmoja zaidi, na kwenye ukurasa huo mjane anafungua kinywa na kumshinda hakimu na mfanyabiashara wote wawili. Mtu mwema angemwandikia barua pepe siku ile ile. Mimi nililiweka kibindoni. Nilijiambia ndiyo kazi ya mpinzani, lakini kwako siwezi kusema uongo: nililifurahia kosa lile.

Basi tukakaa. Alianza yeye. Alisifu hili na lile, kisha akasema kwa sauti yake ndogo kwamba hadithi ya kiti ameitafuta na haipo, na anaomba kujua imetoka wapi. Nikasema imetoka kwa baba yangu. Akauliza baba yangu ni mtafiti? Nikasema ni mpishi. Nikasema "ni", Baba, nikajisahihisha nikasema "alikuwa". Hakuna aliyecheka kwa sauti, Waswidi hawacheki hivyo, lakini vijana wawili nyuma walitazamana wakatabasamu, na mwalimu akainama kuandika. Linnea akawa mwekundu. Nadhani alinionea huruma, na huruma ile iliniuma kuliko tabasamu la wale wawili. Nilikuona umesimama mbele yao na aproni yako, na wao wanakupima.

Tukabadilishana. Nikaweka ule ukurasa wa Kiitaliano mezani, nikausoma wote, taratibu, nikautafsiri. Halafu nikasema, "Hadithi yangu imekosa kitabu. Wewe kitabu unacho, umekosa tu kufungua ukurasa wa mwisho."

Darasa lote likaangua kicheko. Safari hii Waswidi walicheka. Mwalimu mwenyewe alivua miwani akafuta macho. Linnea alijaribu kucheka pamoja nao, mdomo ukamgomea. Akakusanya karatasi zake, na kwenye kahawa hakuja.

Nilirudi nyumbani nimejaa fahari, Baba. Kwenye treni nilikuwa nakusimulia kichwani, nikisema ungeona, neno moja tu, kama mchimba visima. Nilimsimulia Mama akiwa anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono haikusimama. Kisha akauliza, "Na ule mutoto wa watu, alifika kwao namna gani?" Nikasema sijui. Akaendelea na mchele. Nilikasirika, nikaona Mama hajui mambo ya chuo.

Mwalimu aliniita wiki iliyofuata. Alisema kazi ni nzuri, lakini niondoe sura ya kiti au nilete ushahidi kwamba kweli hadithi ipo, mwisho katikati ya Agosti. Kuiondoa sikutaka hata kusikia. Kuiondoa ilikuwa sawa na kukubali kwamba neno lako halifiki mahali pale, kwamba mpishi hawezi kuwa chanzo cha kitu. Nikaamua nitashinda kabisa. Padri Gino alishafariki, lakini Papa Elia, mwenzako wa jikoni Uvira, yuko hai hapa Farsta. Nikampigia, akaniambia nije Jumamosi.

Ameota mvi zote sasa, ila nyumba yake bado safi kama ya padri. Aliniandalia chai ya maziwa na maandazi. Simu yangu ilikuwa mezani ikirekodi, nilimwambia, naye akaisogeza karibu na kinywa chake kama mtu anayetaka kuhojiwa redioni. Nikamwomba aisimulie hadithi ya kiti kama alivyoisikia kwa Padri Gino. Akaisimulia vizuri, bwana, kiti, kisima, divai, lile jibu, neno kwa neno kama wewe. Nilikuwa nimeshashinda. Kisha akafika mwisho.

"Bwana alichekaka sana, binti yangu. Akamusimamisha ule mutu wa visima, akamukalisha kando yake, akamupa nguo mupya. Halafu akaangalia nani alicheka wa kwanza, akamuambia: leo kiti ni yako weye. Njo mwisho."

Nikamuuliza, ndiyo mwisho, na kipande cha kuni? Akanitazama.

"Ile si ya Padri. Ile ni ya baba yako."

Nikasema haiwezekani, alikuwa anaapa. Papa Elia akanimiminia chai ambayo sikuwa nimeiomba. Halafu akaniambia habari za Deo, nami ninakurudishia zote ili nawe ujue ninachojua.

Deo alikuwa dobi wa mapadri, Mrundi, kijana mwembamba wa upande wa Rumonge. Siku ya Pasaka wafanyakazi wote mlikula pamoja kwenye chumba cha chakula cha mapadri. Deo alianza, na hilo Papa Elia alilisisitiza, alianza yeye. Alisema mbele ya watu kwamba jikoni kwako ni uchafu, akifua vitambaa vya meza anajua mlichokula wiki nzima. Watu wakacheka. Sasa, Deo siku ile alikuwa amevaa shati la bluu, zuri, lililopigwa pasi. Kila mtu alijua dobi anavyofanya, nguo ya mtu inapita Jumapili moja mwilini mwake kabla ya kurudi kabatini kwa mwenyewe. Madobi wote wanafanya, na hakuna anayesema. Wewe ukaweka sahani chini, ukasema, "Ni kweli, Deo. Na sisi tukitaka kujua kama nguo za Padri zimekauka, tunakuangalia weye."

Papa Elia alipofika hapo alicheka, Baba, mzee wa miaka yote hiyo, kabla hajajizuia. Na mimi nilicheka. Ni neno tamu sana. Kisha akafuta macho akasema, "Vraiment, kweli kabisa, baba yako alikuwa na kinywa. Tulicheka. Mimi njo nilicheka wa kwanza."

Padri Gino alicheka mpaka akakohoa. Hakumfukuza Deo, hakumgombeza hata. Shati lenyewe akamwambia achukue tu. Lakini kuanzia kesho yake Deo hakuweza kuvuka ua. Wanawake wa bustani walimpigia magoti: "Padri Deo, tubariki." Watoto wa katekisimu walimfuata wakiimba. Nawe uliwaacha, kwa sababu lilikuwa neno lako na lilikuwa linatembea vizuri. Wiki mbili. Halafu asubuhi moja nguo zikakutwa zimefuliwa zote, zimekunjwa, shati la bluu liko juu, na Deo hayupo. Amevuka mpaka kurudi kwao. Na mwaka ule ule kule kwao kukaharibika kwa mauaji. Mliokuwa Uvira mliwaona watu wakija kwa maelfu, wakipita mbele ya geti la mapadri na magodoro kichwani, siku baada ya siku. Deo hakuwemo.

"Toka pale," Papa Elia akasema, "baba yako alianza kuisema ile hadisi na kipande ya muti. Mi nikamuuliza, weye, Padri hakusema vile. Akaniambia: nyamaza, Elia."

Nikamuuliza kama ulimtafuta. Baadaye na sisi tulikimbia, tukakaa kambini Kigoma miaka sita, na Warundi walikuwa wamejaa pale, ng'ambo ya barabara tu. Nilidhani atasema ulikuwa unapita kila hema ukiuliza.

"Hakuuliza. Aliogopa kumupata."

Hasira niliyokuwa nayo kutoka Farsta mpaka nyumbani, Baba, sitaki kuificha. Si kwa sababu ya Deo kwanza. Kwa sababu yangu. Nilisimama mbele ya watu nikasema baba yangu ndiye chanzo, na chanzo kilikuwa kimeugeuza mwisho. Siku tatu sikutaka kuona picha yako, niliilaza kifudifudi pale sebuleni, na Mama akaiinua bila kuniuliza kitu. Nilitaka uwe mtu ambaye hakuwahi kufanya jambo kama lile. Utoto wangu wote nilikujua kama mtu anayewaambia watu kwenye sherehe, "Basi, inatosha, mwacheni," mzaha unapoanza kunoga. Tulikuona mharibifu wa raha. Sasa najua tabia ile uliitoa wapi.

Siku ya nne nikamkumbuka Linnea. Naona aibu kwamba ilinichukua siku nne, na kabla yake wiki tano. Niliangalia orodha ya waliowasilisha kazi, hakuwemo. Nikamuuliza mwalimu, akasema Linnea amejitoa, labda mwakani. Nilikuwa na uwezo wa kumpa ukurasa ule kwa barua pepe ya mistari miwili, na niliuweka kibindoni nikamtolea mbele ya watu.

Nikamwandikia. Sikujitetea. Alinijibu baada ya siku mbili, tukakutana kwenye mkahawa wa maktaba. Alikuja na koti hajalivua, kama mtu atakayeondoka wakati wowote. Nilimwomba radhi. Akaniambia, "Ulichosema kilichekesha kweli. Mimi nilicheka pia, wiki tatu baadaye, nikiwa napiga mswaki." Kisha akasema kwamba darasani mle hawezi kurudi, kila akifika mlangoni anageuka na kurudi nyumbani. Nilitoa ule ukurasa nikamwuliza kama anataka tuusome pamoja. Tuliusoma alasiri mbili, neno kwa neno. Anajua sarufi kuliko mimi. Alipofika pale mjane anapofungua kinywa, akavua koti. Ameandika upya, atapinga na kupingwa mwezi wa kumi, pamoja na kundi lingine. Urafiki haupo, tukikutana tunasalimiana, na mimi sidhani nina haki ya kudai zaidi ya hapo.

Tasnifu yangu nimeirekebisha hivi. Hadithi ya kiti imebaki. Nimeiandika kwanza kama alivyoisimulia Papa Elia, na nimesema wazi kwamba hiyo ndiyo ya zamani, kwa kadiri tunavyoweza kujua, na kwamba mwisho wake unafanana na zingine zote: mshindi anapewa nguo mpya na kiti kinatafutiwa mtu mwingine. Kisha nimeiandika yako, nikasema ni ya mpishi mmoja wa Uvira na Jakobsberg, wa wakati wetu, aliyeibadilisha kwa sababu alikuwa amewahi kushinda kwa namna ile ya kwanza. Mwalimu aliisoma akasema sasa ni sura bora kuliko zote. Nimefaulu, Baba. Wamefika kwenye kiti. Nilitamani sana kuwa na namna ya kukuambia siku ile, nikaenda nikasimama jikoni, nikachemsha maji ambayo sikuyatumia.

Lipo moja la mwisho na huenda halitakupendeza. Ukurasa wa mbele nilikuwa nimeandika jina lako. Tangu mwanzo lilikuwa lako, hata kabla ya neno la kwanza la tasnifu. Nimelifuta. Nimeandika: Kwa Deogratias, dobi. Papa Elia hakumbuki jina lake jingine, na wewe hukuniachia. Mama alipouona ukurasa ule alikaa nao muda mrefu. Akasema, "Angelia." Sijui alimaanisha ungelia kwa uchungu au kwa nini. Sikumuuliza.

Sikukuondoa kwa hasira, nataka ulielewe hilo. Hasira imeisha. Ulitulea kwa mwisho mwema kuliko ule uliopewa, na mimi na Josué tumekuwa watu kwa sababu yake. Lakini ulimtia Padri kinywani kile ulichopaswa kumwambia Deo, ukaapa na mkono kifuani mbele ya watoto, na yule mwenye shati hakuwahi kusikia hata neno lake moja. Nakupenda, na hilo lilikuwa deni la mdomo wako, si la wangu. Nimelichukua kwa sababu hakuna mwingine.

Nimekukumbuka mno, Baba. Kukukasirikia kumenifanya nikukumbuke zaidi, maana huwezi kumkasirikia mtu ambaye hayupo kabisa.

Lala salama huko uliko. Ahadi yangu ni ndogo: ulichoogopa kuuliza, nauliza mimi. Warundi hapa mjini ni wengi, wako kanisani, wako kwenye treni, wako miongoni mwa wazee ninaowahudumia. Kila mwenye umri wa kufanana na wako ninamsalimia, nikishamsalimia ninamuuliza: je, mliwahi kumjua mtu wa Rumonge, Deo, aliyekuwa dobi wa mapadri kule Uvira? Wengine wananiuliza namtafutia nini. Ninawaambia baba yangu alimkosea.

Mpaka leo nimewauliza tisa. Kesho kuna harusi ya Warundi Jakobsberg.

Mwanao,
Furaha